Usisubiri jicho liume: uzi maalumu wa virusi nyemelezi kwa wenye CD4 ya chini

Mhudumu_Kliniki (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nyuzi za kifua kikuu, fangasi wa mdomoni na homa ya uti wa mgongo zipo nyingi, na zinastahili kuwepo, maana kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ndiyo yanayoondoka na watu wengi wenye UKIMWI. Ila kuna kundi linalosahaulika: magonjwa nyemelezi yanayoletwa na virusi vingine vinavyopata mwanya baada ya VVU kubomoa kinga. Nahudumia watu wanaoishi na VVU, na kilichonisukuma kuandika ni macho. Watu wanapoteza uwezo wa kuona ilhali dawa ipo, kwa sababu tu hakuna aliyewauliza mapema: unaona sawasawa kwa kila jicho?

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Vingi vya virusi hivi si vigeni mwilini. Watu wazima wengi tayari wanabeba saitomegalovirusi (CMV), virusi vya malengelenge, virusi vya tetekuwanga, virusi vya JC na vinginevyo. Tulivipata zamani, wengine tangu utotoni, tukaugua kidogo au tusijue kabisa, vikajificha kwenye neva, kwenye chembechembe za damu, kwenye figo. Kinga ikiwa imara vinabaki vimelala. CD4, yaani chembe za damu zinazoongoza kinga, zikiporomoka, vinaamka. Kwa hiyo mgonjwa anapopewa dawa ya kupambana na virusi nyemelezi, dawa ile inavituliza tu, haivifuti. Kinachovizuia visiamke tena ni kinga yake mwenyewe, na kinga hairudi bila ARV, dawa za kufubaza VVU. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini hakuna matibabu ya haya magonjwa yasiyokwenda pamoja na ARV.

Ukiwa na CD4 chini ya 200 unahesabiwa kuwa na ugonjwa wa VVU uliokomaa, hata kama unatembea na kufanya kazi zako. Watoto walio chini ya miaka 5 wenye VVU nao Shirika la Afya Duniani linawaweka kwenye kundi hilo, isipokuwa waliokwisha kuwa kwenye ARV zaidi ya mwaka na hali zao zimetulia. Mkanda wa jeshi unaweza kumpata mtu hata CD4 zikiwa juu. Vidonda sugu vya malengelenge na ugonjwa wa ubongo unaoletwa na virusi vya JC hupenda walio chini ya 200. CMV ya macho huwapata hasa walio chini ya 50.

Huyu CMV ndiye nataka tukae naye.

Tarehe 5 Juni 1981, ripoti ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye ungeitwa UKIMWI ilieleza vijana watano wa Los Angeles. Wengi tunaikumbuka kwa ile nimonia ya ajabu waliyokuwa nayo, lakini ripoti ileile inasema wote watano walikuwa na CMV pia. Tangu siku ya kwanza alikuwepo. Hadi katikati ya miaka ya 1990, kabla ya ARV za mchanganyiko, alikuwa kisababishi kikubwa cha upofu kwa wenye UKIMWI. Kuanzia 1996 hali ilibadilika sana, upofu ukapungua, na ndipo wengi wetu tuliposahau kumtafuta. Hajaondoka. Anawasubiri wanaopima wakiwa wamechelewa, na wale walioacha dawa kwa muda mrefu kisha wakarudi kliniki wamedhoofika.

CMV ya jicho haiumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongotongo, halivimbi. Mgonjwa anaweza kuona vitu vinaelea mbele yake kama vijidudu au nyuzinyuzi, miali ya mwanga, ukungu, au sehemu ya picha inakosekana kama vile pazia limeshushwa pembeni. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa sababu uharibifu umeanzia kingoni mwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) na jicho la pili linaziba pengo. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wangu: funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, soma mstari wa maandishi kwa jicho lililobaki, kisha badilisha. Ukikuta jicho moja haliko sawa, nenda siku hiyohiyo. Ukikuta yote yako sawa na CD4 zako ziko chini ya 50, bado unahitaji kuchunguzwa na mtaalamu wa macho, maana kujipima nyumbani hakuoni kingo.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi. Unawekewa matone ya kupanua mboni, unakaa kidogo, mtaalamu anatazama nyuma ya jicho. Kama CMV yupo, anaona mabaka meupe au ya manjano yakiwa yamechanganyika na damu, mara nyingi yakifuata njia ya mishipa. Matone yatakufanya uone ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utakusumbua, basi, yanaisha yenyewe.

Matibabu: dawa kuu ya kumeza ni valgansikloviri, kwa mtu mzima mwenye figo nzima miligramu 900 mara 2 kwa siku kwa siku 14 hadi 21, kisha miligramu 900 mara 1 kwa siku kama dozi ya kulinda. Imezwe na chakula, ndipo inapofyonzwa vizuri. Baka likiwa karibu na kitovu cha kuona au karibu na mshipa wa fahamu wa jicho, mtaalamu huongeza sindano ya gansikloviri au foskaneti ndani ya jicho lenyewe ili dawa ifike papo hapo. Wapo wanaoanza kwa gansikloviri ya mshipani. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Tunachookoa ni iliyobaki, na jicho la pili. Hapo ndipo ukali wangu juu ya kuchelewa unapotoka.

Valgansikloviri ina gharama yake mwilini: inashusha chembe nyeupe, damu na chembe sahani (za kugandisha damu). Kipimo cha picha kamili ya damu kirudiwe mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Anayetumia zidovudini, moja ya ARV, aangaliwe kwa jicho la pekee, maana dawa zote mbili zinakandamiza uboho, na mara nyingi daktari atabadilisha zidovudini. Vidonge visivunjwe wala kusagwa, na mjamzito asivishike vikiwa vimevunjika, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wanaume na wanawake wanaoitumia watumie kinga ya mimba.

CMV haishii machoni. Anaweza kuchimba kidonda kwenye koo la chakula, kila tonge likawa maumivu. Anaweza kushambulia utumbo mpana, mtu akaharisha kwa wiki nyingi, na damu ndani yake. Anaweza kuingia kwenye neva za chini ya uti wa mgongo, miguu ikalegea na mkojo ukagoma. Ukiwa umetibiwa fangasi wa koo na kumeza bado kunauma, omba uchunguzwe zaidi.

Nitaendelea na mengine kadiri mtakavyouliza, ila niseme mapema: dozi ninazotaja ni za kukusaidia kuelewa unachoandikiwa. Usinunue dawa ukajianzishia. Figo zikiwa na shida, dozi zote hizi hubadilika.


Subira77

Asante sana mkuu kwa uzi. Naomba kuuliza. Mimi nilikaa bila dawa muda mrefu, nikarudi, sasa hivi natumia vizuri na majibu ya wingi wa virusi yametoka "havionekani". Lakini CD4 ni 90. Je, hizi hatari bado zinanihusu au nimeshavuka?


Mhudumu_Kliniki

Subira77, hongera kwa dhati, hiyo ni kazi kubwa umefanya. VVU kutoonekana maana yake dawa inafanya kazi. CD4 zenyewe hupanda taratibu, kwa wengine miezi, kwa wengine miaka, hasa walioanza wakiwa chini sana. Kwa hiyo ndiyo, kwa sasa bado uko kwenye kundi la kuangaliwa, ingawa hatari yako ni ndogo kuliko ya mtu mwenye 90 ambaye virusi vyake vinazaliana.

Endelea na kotrimoksazoli (Septrin) mpaka kliniki ikuambie uache. Mwambie daktari akuangalie macho walau mara moja kwa vile ulishuka sana. Na ukiona kitu kinaelea mbele ya macho, usijipe moyo kwamba "virusi havionekani kwa hiyo si kitu". Nenda.

Naongeza hili kwa wote: siku hizi kliniki nyingi zinapima wingi wa virusi tu na CD4 zinasahaulika. Kwa anayeanza dawa, anayerudi baada ya kuacha, au ambaye dawa zimeshindwa, CD4 ipimwe. Iulizie kwa heshima lakini iulizie. Bila namba hiyo hakuna anayejua kama unahitaji kuchunguzwa macho, kupimwa kriptokokasi (fangasi wa homa ya uti wa mgongo) au kupewa kinga ya magonjwa mengine.


Kaka_Mkubwa

Mkuu mdogo wangu ametoka mkanda wa jeshi upande wa kulia wa uso, umeanzia kwenye paji la nyusi. Leo siku ya pili. Duka la dawa wamempa asikloviri ya kupaka. Yuko kwenye ARV. Inatosha?


Mhudumu_Kliniki

Kaka_Mkubwa, haitoshi, na naomba usingoje kesho. Angalia ncha ya pua yake. Kama kuna malengelenge pale au ubavuni mwa pua, neva ileile inahudumia jicho, na uwezekano wa jicho kushambuliwa ni mkubwa. Lakini hata pua ikiwa safi, mkanda wa paji la uso na kope unahitaji mtaalamu wa macho leo.

Mkanda wa jeshi ni virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimejificha kwenye neva. Unafuata njia ya neva moja, ndiyo maana unakaa upande mmoja na kuishia katikati ya mwili. Dawa ya kupaka haifiki kwenye neva. Kinachotakiwa ni vidonge: asikloviri miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, au valasikloviri gramu 1 mara 3 kwa siku. Vizuri zaidi ianze ndani ya saa 72, ila kwa mwenye kinga dhaifu, kama malengelenge mapya bado yanatoka, tunaanza hata zikishapita. Akiwa na malengelenge yaliyotapakaa mwili mzima, au homa na kuchanganyikiwa, au jicho limeingiliwa vibaya, alazwe apewe ya mshipani. Anywe maji ya kutosha, asikloviri ikikosa maji inasumbua figo.

Kuhusu maumivu: yanaweza kubaki miezi baada ya ngozi kupona, na ni maumivu ya kweli, msimwambie anadeka. Amitriptilini na gabapentini husaidia. Tahadhari moja ambayo nimeona ikipitwa: kabamazepini hutolewa kwa maumivu ya neva, na hiyo inashusha kiwango cha dolutegraviri kwenye damu. Kama ARV yake ina dolutegraviri na mtu anataka kumpa kabamazepini, kliniki ya ARV ijue kwanza. Ama dozi ya dolutegraviri iongezwe iwe mara 2 kwa siku, ama itafutwe dawa nyingine ya maumivu.

Malengelenge yafunikwe mpaka yakauke. Majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali kwa sasa.


Kaka_Mkubwa

Tumetoka hospitali sasa hivi. Jicho limeanza kuguswa juujuu. Kapewa vidonge na matone, arudi kesho. Mungu akubariki mkuu.


KijanaMaabara

Mleta uzi, mimi niko maabara na swali langu ni la kitaalamu kidogo. Kama asikloviri inatibu malengelenge na mkanda wa jeshi, na CMV ni wa ukoo uleule wa herpesi, kwa nini asikloviri isitumike kwa CMV? Ni rahisi kupatikana kuliko valgansikloviri.


Mhudumu_Kliniki

KijanaMaabara, swali zuri, na lina majibu yanayomgusa mgonjwa moja kwa moja kwa sababu wapo wanaopewa asikloviri kwa CMV na muda unapotea.

Asikloviri ikiingia mwilini bado haina makali. Lazima iwashwe kwanza, na hatua ya kwanza ya kuiwasha inafanywa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, kinaitwa thimidini kinasi. Virusi vya malengelenge na vya tetekuwanga wanacho. Ndiyo sababu dawa inashika zaidi kwenye seli zenye virusi na kuziacha nyingine salama. Ugunduzi wa aina hiyo ulichangia mwanasayansi Gertrude Elion kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. CMV hana kimeng'enya hicho. Ana kingine, na hicho kinaiwasha gansikloviri vizuri zaidi. Kwa hiyo asikloviri kwa CMV wa jicho ni sawa na kutotibu.

Maelezo hayohayo yanatueleza usugu. Kirusi cha malengelenge kikibadilika kikaacha kutengeneza kimeng'enya kile, asikloviri haiwashwi tena, na hata valasikloviri haitasaidia maana ndani ya mwili ni asikloviri ileile. Hapo tunageukia foskaneti, ambayo haihitaji kuwashwa na kirusi. Bahati mbaya foskaneti ni ngumu kwa figo na inavuruga kalsiamu na magnesiamu, inahitaji maji mengi ya mshipani na vipimo vya mara kwa mara.

Na kwa vile uko maabara: CMV kuonekana kwenye damu kwa PCR (kipimo cha vinasaba) hakuthibitishi kwamba ndiye anayeumiza utumbo au jicho. Kwa wenye CD4 za chini anaweza kuonekana kwenye damu bila kuwa na ugonjwa kwenye kiungo. Utumbo unahitaji kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Jicho linahitaji jicho la mtaalamu.


Tumaini_Jipya

Samahani kwa swali la aibu. Nina vidonda sehemu ya haja kubwa, zaidi ya mwezi sasa. Nilipewa dawa za bawasiri mara kadhaa. Vinauma sana mpaka naogopa kula ili nisiende chooni. Naishi na VVU, nilishawahi kuacha dawa.


Mhudumu_Kliniki

Tumaini_Jipya, hakuna aibu hapa, na umefanya vema kuandika. Vidonda vya sehemu hizo vilivyopita mwezi kwa mtu mwenye VVU, malengelenge sugu ndiyo kitu cha kwanza cha kufikiria, na vikithibitika vinahesabiwa kuwa dalili ya UKIMWI. Kinga ikiwa chini havifanani na vile vilengelenge vidogo vya kwenye picha. Vinaungana, vinakuwa kidonda kipana, chenye kingo, kinachovuja. Ndiyo maana vinadhaniwa bawasiri. Kinachotakiwa ni kuvuliwa nguo na kuangaliwa. Usikubali kuandikiwa dawa tena bila kuangaliwa.

Kwa kawaida ni asikloviri miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 5 hadi 10, na kwa vidonda vikubwa huendelea mpaka vifunge. Upimwe pia kaswende, maana nayo huleta vidonda na inatibika. Kama baada ya siku 7 hadi 10 za dozi kamili hakuna mabadiliko, mwambie daktari afikirie usugu au kitu kingine, ikiwemo saratani, badala ya kurudia dawa ileile. Vikikutoka mara kwa mara, unaweza kuwekwa kwenye asikloviri miligramu 400 mara 2 kwa siku ya kuzuia.

Na ARV umerudi? Hilo ndilo litakalovifunga kwa muda mrefu. Kama umerudi, umewaambia kliniki kwamba uliacha? Hawatakufukuza. Wanahitaji kujua ili wapime CD4.


Tumaini_Jipya

Nimerudi lakini sikuwaambia. Kuna sehemu nilikwenda nikasemwa mbele ya watu nikaondoka. Nitakwenda nyingine wiki hii.


Mhudumu_Kliniki

Nenda, na ukifika sema sentensi moja tu: "Niliacha dawa, nina vidonda, naomba kupimwa CD4." Mhudumu anayejua kazi yake atajua la kufanya. Kumsema mgonjwa mbele ya watu ni kumfukuzia kifo, na nasema hivyo nikiwa mhudumu.


MamaWawili

Mimi nataka kusema kuhusu sindano ya jicho kwa sababu watu wengi wanakimbia wakisikia. Mume wangu alichomwa zaidi ya mara moja. Wanaweka matone ya ganzi, wanasafisha na ile dawa ya rangi ya kahawia, wanashikilia kope na kijichuma kidogo, halafu sindano nyembamba kabisa inaingia kwenye sehemu nyeupe ya jicho, siyo kwenye mboni. Yeye alisema alisikia kubanwa tu. Ni sekunde chache. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, la kulia linaona mpaka leo na anasoma. Wanaoogopa naomba msiogope.


Mhudumu_Kliniki

MamaWawili, asante mno. Umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Niongeze tu: baada ya sindano, jicho likianza kuuma sana, kuwa jekundu au kuona kukashuka siku zinazofuata, arudi haraka kwa sababu maambukizi ndani ya jicho ni dharura.


Mtazamaji

Mimi sikubaliani na habari ya ARV kuwa jibu la kila kitu. Nilianza ARV nikiwa na nafuu, baada ya wiki kadhaa ndiyo nikaanza kuugua: mkanda wa jeshi, kisha macho ukungu. Kabla ya dawa sikuwa na hayo. Nafikiria kuziacha kwanza mwili upumzike.


Mhudumu_Kliniki

Mtazamaji, ninaamini kila neno la ulichokipitia, na kina maelezo. Unapoanza ARV ukiwa na CD4 za chini, kinga inaanza kuamka na kukuta virusi ambavyo muda wote vilikuwepo bila kupigwa. Inavishambulia kwa nguvu, na vita hiyo ndiyo inayoleta uvimbe, homa, ukungu wa macho. Kitaalamu tunaiita IRIS, mchafuko wa kinga inaporudi. Hutokea mara nyingi wiki au miezi ya mwanzo. Mkanda wa jeshi katika kipindi hicho unajulikana sana. Kwa waliowahi kuwa na CMV ya jicho, kinga ikirudi inaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho unaohitaji matibabu yake, wakati mwingine steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Kuziacha ARV kutakurudisha pale ambapo virusi hivi vinafanya uharibifu bila kizuizi. Endelea kumeza, na kesho asubuhi uwe kwa mtaalamu wa macho. Ukungu wa macho baada ya kuanza ARV ni dharura mpaka uthibitishwe kuwa si kitu. Usiache, tafadhali.

Kwa watakaouliza kama basi ARV zicheleweshwe: kwa CMV ya jicho, dawa ya CMV huanza kwanza na ARV hufuata, kusiwe na kuchelewa zaidi ya wiki 2 hivi. Zinazosogezwa mbele zaidi ni homa za uti wa mgongo za kriptokokasi na za kifua kikuu, ambako kinga kuamka ndani ya fuvu kunaweza kuua.


Mtazamaji

Sikuwa nimeelezwa hivi. Nitakwenda.


KijanaMaabara

Mkuu umetaja virusi vya JC ukaviacha juujuu.


Mhudumu_Kliniki

Kweli. Virusi vya JC vinaharibu sehemu nyeupe ya ubongo, ugonjwa unaitwa PML. Kiharusi hupiga kwa dakika, PML hujenga kwa siku na wiki: mkono unaanza kuwa mzito, maneno yanapotea, mwendo unayumba, upande mmoja wa picha hauonekani. Mara nyingi homa haipo. MRI (picha ya ubongo) na kipimo cha PCR cha maji ya uti wa mgongo ndivyo vinavyosaidia kuutambua.

Hakuna dawa inayoua virusi vya JC. Matibabu ni ARV nzuri, haraka, na mazoezi ya viungo. Wapo wanaotulia na kuishi miaka, wakiwa na ulemavu kiasi. Sababu ninayosisitiza kupimwa ni kwamba taksoplazima ya ubongo (maambukizi ya kimelea) inaweza kufanana nayo, na taksoplazima ina dawa. Familia isikubali kauli ya "ni UKIMWI umefika kichwani" ikaishia hapo.


Subira77

Na wanawake je? Mlango wa kizazi unaingia humu?


Mhudumu_Kliniki

Unaingia kabisa. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 zaidi ya asiye na VVU, na kirusi chake ni HPV. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye VVU waanze uchunguzi wakiwa na miaka 25, kwa kipimo cha vinasaba vya HPV, na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kikikutwa kitu cha awali kinatibiwa kabla hakijawa saratani.

Wa ngozi na mdomo: madoa ya zambarau au meusi yasiyouma, kwenye mguu au kaakaa, ni ya kuonyesha daktari kwa sababu inaweza kuwa saratani ya Kaposi, inayoletwa na kirusi cha herpesi namba 8. Ikiwa ndogo, ARV peke yake inaweza kuirudisha nyuma. Ikiwa kubwa au imeingia mapafuni, inahitaji dawa za saratani pia. Steroidi huichochea, kwa hiyo mwenye Kaposi asipewe kienyeji.

Homa ya ini B si nyemelezi kwa maana halisi, lakini isisahauliwe: tenofoviri na lamivudini zilizomo kwenye ARV nyingi ndizo zinazoituliza. Ukiziacha ghafla, ini linaweza kulipuka. Kabla ya kuhamishiwa ARV zisizo na tenofoviri, zikiwemo zile za sindano, lazima upimwe homa ya ini B.

Mpox (homa ya nyani) nayo, kwa mwenye CD4 chini ya 200, inaweza kuwa kali sana, vidonda vikawa vikubwa na vikachimba. Vipele vipya vyenye homa vionyeshwe mapema.


MamaWawili

Swali la mwisho kwangu. Mume wangu CD4 zimepanda, anauliza ataacha lini valgansikloviri? Amechoka na vidonge.


Mhudumu_Kliniki

MamaWawili, mwambie ana haki ya kuchoka. Kawaida tunafikiria kuisimamisha CD4 zikiwa zimekaa juu ya 100 kwa miezi 3 hadi 6, akiwa anameza ARV vizuri, na mabaka ya jicho yametulia kabisa kwa macho ya mtaalamu. Yote matatu pamoja. Asiache mwenyewe kwa kuona namba imepanda mara moja, hasa kwa vile jicho lililobaki ni moja.

Akishaachishwa, macho yaendelee kuangaliwa kila miezi 3 hivi mwanzoni, kwa sababu CMV anaweza kurudi hata CD4 zikiwa nzuri, na retina iliyowahi kuungua inaweza kuchanika au kuachia baadaye. CD4 zikishuka tena chini ya 100, dawa inarudi. Mwombe daktari aandike tarehe ya kipimo cha macho kwenye kadi ileile anayochukulia ARV, ili atakayemhudumia siku hiyo aione hata kama si mimi wala si yule aliyemzoea.